Jiko la Mama Mkwe

Anayetaka kukohoa na akohoe sasa, maana nikianza kumsimulia Mikidadi sisimami mpaka nimfikishe Kinole na kumrudisha, na njia ya Kinole mnaijua wenyewe: ukipanda na yai bichi mfukoni, unafika na kifaranga.

Mikidadi alikuwa mpiga picha pale Mafiga. Chumba chake kilikuwa na stuli moja, kitambaa cha buluu ukutani, na kioo chenye ufa ambacho mtaa mzima ulikuja kuchania nywele. Kazi yake kubwa ilikuwa picha ndogo za vitambulisho, zile zinazomfanya mtu mzima aonekane kama amefumaniwa na mbuzi wa jirani. Siku za harusi alibeba kamera kubwa, akawapanga maharusi mbele ya maua ya plastiki, yaleyale, mpaka maua yale yakawa yamehudhuria harusi nyingi kuliko shehe. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwembamba. Upepo wa mlimani uliposhuka mchana aliushika mlango wa studio kwa mikono miwili. Watu walidhani anaufunga, kumbe anajizuia asichukuliwe.

Basi Oscar, yule wa video za harusi mjini, akaanzisha grupu la WhatsApp, akaliita Jicho la Wiki. Ilikuwa chalenji ya wapiga picha. Kila mmoja achague mada yake mwenyewe, jambo moja linalomkaa moyoni, na kila Jumapili alete picha moja ya jambo hilo. Atakayekosa Jumapili ya kwanza, anatolewa nje kama kuku aliyeingia msikitini. Janeth akachagua maua. Emmanuel akachagua magurudumu. Oscar mwenyewe akauchukua mlima wote, kama vile mama yake ndiye aliyeuzaa.

Mikidadi akabaki anahangaika. Alichagua miavuli, mvua ikakatika siku hiyohiyo. Alichagua paka, paka wote wa Mafiga wakakumbuka wana ndugu Mikese wakaenda kuwasalimia.

"Mada ni kama nyanya," alimlalamikia mkewe Zuhura. "Unaminya hii, unaacha ile, mwisho unarudi nyumbani na kapu tupu."

Zuhura alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza. Hakuinua macho. "Umezoea kupiga anachotaka mteja, mume wangu. Leo umeulizwa unachotaka wewe, umekuwa bubu."

Neno lile lilimwingia. Akakaa kibarazani na simu yake, akijiuliza anataka nini. Mbele yake palikuwa na sahani ya ndizi za nazi zilizoletwa siku ile kutoka Kinole, kwa mama mkwe. Zilikuwa zinanuka moshi wa kuni na mdalasini. Akala. Akalamba kidole. Na hapo ndipo likamjia: chakula cha jiko lile alikuwa amekila tangu alipooa, lakini jiko lenyewe hajawahi kuliona. Hata jiwe moja.

Akaandika kwenye grupu kabla akili haijamshika mkono: "Mada yangu ni mafiga. Mawe ya jikoni, yanayobeba chungu. Na Jumapili naanza na jiko bora kuliko yote Uluguru, la mama mkwe wangu."

Janeth akatuma kidole gumba. Emmanuel akatuma viwili. Oscar akaandika, "Mada nzuri. Haibadilishwi sasa."

Zuhura alipoonyeshwa, alicheka mpaka andazi likaungua. "Jikoni kwa mama? Wewe? Utaingilia wapi?"

Ndipo Mikidadi akakumbuka.

Maana milimani kwetu mkwe na mama mkwe wanapendana kwa mbali, au wanachukiana kwa mbali, ila umbali ni lazima. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani kama ana shida na tumbo. Jikoni kwake huingii. Chakula chake unakila umempa mgongo. Na kusemeshana mdomo kwa mdomo, hapana: neno linapita kwa mtu wa kati. Shehe mmoja alimwambia Bi Mwaisha, mama yake Zuhura, kwamba dini haina neno na mkwe. Bi Mwaisha akamjibu, "Dini naishika na mila naishika. Nina mikono miwili, shehe."

Kwa wengine umbali huo ni raha tupu. Kwa Mikidadi ulikuwa mwiba. Siku ile alipokwenda kuposa, Bi Mwaisha aliomba kupitia kaka yake, mjomba Abdulswamad, aonyeshwe viganja vya mposaji. Akavitazama kwa mbali, akasema, "Laini kama vya kichanga. Atalimia nini, tochi ya kamera?" Watu wakacheka, mjomba akaamua, ndoa ikapita. Tangu hapo Bi Mwaisha hakumwambia Mikidadi neno. Alileta ndizi, alileta machungwa, alileta karafuu, lakini neno hakuleta. Sasa mtu atajuaje? Heshima na chuki, ukizitazama kwa mbali, zinavaa kanzu moja. Mikidadi alitaka kujua, kabla yule mama hajaenda kwa Mungu wake, kama alikubaliwa au alivumiliwa tu.

"Twende wote," alimwambia Zuhura. "Wewe utaingia, upige, tutoke."

"Thubutu!" Zuhura akageuza andazi. "Mimi nimekuwa daraja lenu tangu ndoa. Mgongo unaniuma. Jumamosi hii nenda mwenyewe."

Rosa wa jirani, muuza mboga mwenye asili ya kule misheni ya mlimani, aliipata habari kabla mafuta hayajapoa. Akapita mbele ya studio na tenga la kabichi kichwani.

"Shemeji! Nasikia unakwenda kupiga picha majiko ya watu! Njoo kwangu basi, nikutie na wewe kwenye sufuria, nyama hamna lakini mchuzi utapatikana!"

"Usicheke, Mama Yohana. Ni sanaa."

"Sanaa ya kuingia jikoni kwa mkwe? Hiyo kwetu inaitwa kutafuta kufa!"

Jumamosi akapanda. Bodaboda ilimfikisha penye mteremko, ikakataa. Mwendeshaji alisema pikipiki yake ina watoto. Akamalizia kwa miguu, kilo za sukari mkono huu, doti ya kanga mkono ule. Akaanza kukohoa akiwa bado barabarani, ili mama mkwe apate nafasi ya kujisitiri. Akakohoa tena penye michungwa. Alipofika uani akatoa kikohozi kirefu cha mwisho, mpaka jirani wa bondeni akapaza sauti kuuliza kama mgonjwa aletewe maji.

Jiko la Bi Mwaisha lilikuwa banda la fito na udongo, pembeni ya nyumba. Moshi wake si wa kusimuliwa. Iko siku jogoo aliingia mle akitafuta punje, akapotea njia, na alipotoka alikuta wajukuu zake wanawika.

Mikidadi akaketi kwenye gogo chini ya mkarafuu, mgongo ameupa jiko. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Kuku mmoja tu, mweusi, wa kishingo, alikuwa anaparua katikati ya ua.

"Wewe Kishingo," sauti ikatoka jikoni, "hapo nje pana mtu, au ni mti umeota?"

Mikidadi akamwinamia kuku. "Kishingo, mpe mama shikamoo yangu."

"Mwambie marahaba. Muulize mkewe mzima?"

"Mwambie mzima. Anamsalimu sana. Yuko na maandazi."

"Muulize kilichomleta. Leo si sikukuu, na mimi sijafa."

Mikidadi akamweleza kuku. Alimweleza Jicho la Wiki, na Oscar, na maua ya Janeth, na sharti la Jumapili. Kuku akachoka katikati ya habari, akaondoka kuelekea kwenye migomba. Ikabidi Mikidadi amfuate ameinama, akimalizia maneno nyuma ya mkia. Jikoni ikasikika sauti fulani. Inaweza kuwa kicheko. Inaweza kuwa kifuniko cha sufuria.

"Kishingo, muulize: huko mjini mawe yamekwisha?"

"Mwambie mama, mawe yapo. Lakini siyo yaliyonilisha."

Moshi ukatoka mlangoni taratibu, kama unaotazama kwanza kulia na kushoto.

"Mwambie jikoni haingii."

"Mwambie sikuja kuingia."

"Sasa atapigaje? Atakula ukuta kama mchwa?"

Alitoka Mafiga na matumaini tu, na matumaini hayana mlango wa uani. Akatazama simu yake. Akatazama kinu kilichofudikizwa katikati, baina ya mkarafuu na jiko. Akaenda, akaifungua kamera ya simu, akaiweka juu ya kinu, akarudi kwenye gogo na kugeuka.

"Kishingo, mwambie mama atusaidie yeye. Kioo kikimwonyesha anachokitaka, abonyeze kile kiduara cheupe. Asiguse kingine."

"Kishingo, mwambie mkwe, mimi nimezaa, nimezika mume, na nimeua chatu kwa mchi. Kiduara ndicho kitanishinda?"

Habari ya chatu ni ya kweli kabisa. Alikuwa mrefu hivi kwamba kichwa kilipokufa Kinole, mkia ulipata taarifa kesho yake, uko Mikese.

Nyayo zikasogea, zikarudi. Simu ilikuwa imechukuliwa.

"Kishingo," sauti ikasema baada ya muda, "mwambie kiduara kinataka utulivu. Na wakati ananisubiri, kuni zimekwisha."

Basi ikawa hivyo. Mikidadi akalishika shoka. Pigo la kwanza likaikosa kuni, likapata ardhi. Pigo la pili likanasa, akaibeba kuni na shoka pamoja juu ya kichwa kama bendera, asijue pa kuishushia. Kila alipolenga alitoa ulimi, kama kwa ulimi ndiko nguvu zinakotokea. Hata hivyo alipasua. Viganja vikaota malengelenge. Mbuzi akaja kula karafuu zilizoanikwa jamvini, akamfukuza. Mbuzi naye akamfukuza. Kifaranga kikatumbukia kwenye beseni la maji, akakiopoa, akakikausha kwa shati lake la mjini, akikipulizia pumzi na kukiambia, "Pole, pole, mwanangu, usimwambie mama yako Kishingo kwamba nilichelewa."

Adhuhuri akatandika kanzu yake majanini akasali. Alipotoa salamu akakuta juu ya kinu pana chakula kimefunikwa kawa: ugali, mlenda, na kipande cha samaki kikubwa kuliko sahani. Akala, mgongo jikoni. Mara kwa mara alisikia kitu kikilia *ka* nyuma yake, akadhani ni kuni mbichi zinapasuka motoni. Kuuliza kama picha tayari hakuthubutu. Mama mkwe haharakishwi.

Kwenye alasiri sauti ikamwita kuku.

"Kishingo, mwambie jicho lake limelala."

Simu ilikuwa juu ya kinu, nyeusi tii, chaji imekwisha. Kando yake chana ya ndizi na fungu la mdalasini.

Kushuka mlima kulikuwa kurefu. Alijua picha ya jiko huenda haipo. Alijua pia kwamba kwa siku nzima mama mkwe alimtumikisha kama punda, na kupitia kuku. *Basi nimejua,* aliwaza. *Mtu anayekupenda hakupi mbuzi wa kupigana naye.*

Nyumbani aliichomeka simu ukutani, wakakaa mkekani na Zuhura kuingoja iamke. Ilipoamka, picha ya kwanza ilikuwa nyekundu yote.

"Moto huo!" Mikidadi akashtuka kwa furaha.

"Ni kidole cha mama," Zuhura akasema. "Endelea."

Picha ya pili ilikuwa paa la bati, jeusi kwa masizi. Ya tatu, mlango wa jiko, kingo zake nyeusi, na nje kwenye mwanga, mgongo wa mtu mrefu juu ya gogo. Ya nne, mtu huyohuyo na shoka, ulimi nje. Ya tano, kuni na shoka kichwani. Kisha Mikidadi na mbuzi. Kisha mbuzi na Mikidadi, mbuzi ndiye aliye nyuma. Mikidadi amesujudu. Mikidadi amempa jiko mgongo, anakula, shavu limevimba kwa samaki. Picha zikaendelea, zikaendelea, na katika zote, pembeni panaonekana ukingo wa chungu au ncha ya kuni, na katikati kabisa, yupo yeye.

Zuhura aliacha kucheka zilipofika katikati.

"Mafiga yako wapi sasa?" Mikidadi akauliza, sauti imemshuka. "Sina hata jiwe moja."

"Mikidadi." Mkewe akamgeukia. "Mama yangu macho yameingia ukungu. Kitu hakitazami mara mbili, anasema anayabana matumizi. Wewe amekutazama mpaka chaji imekwisha."

"Labda alikuwa anachunguza kama najua kupasua kuni."

"Na kifaranga? Hapo alikuwa anachunguza nini?"

Akamwonyesha. Kingo nyeusi za mlango. Chini kwenye kona jiwe moja, jekundu upande wa moto. Na nje, kwenye mwanga mweupe wa mlimani, mwanamume amechuchumaa, kifaranga kwenye shati, midomo ameichongoa anakipulizia. Mikidadi aliitazama kwa muda mrefu. Amepiga maharusi wangapi, akiwaambia "sogea, tabasamu, inua kidevu," na hakuna aliyewahi kutoka hivyo.

Jumapili akaituma hiyo.

Kisha Oscar akaandika: "Kaka, mada yako si mafiga? Jiwe liko wapi?"

"Kona ya chini, kushoto."

"Hilo nilidhani kiazi. Na hapo katikati si wewe mwenyewe? Nani kapiga?"

Mikidadi akafuta jibu la kwanza. Akafuta la pili. Safari hii aliiacha akili imshike mkono mpaka amalize kuandika. "Kapiga mama mkwe wangu. Mimi jikoni siingii. Nabadilisha mada, Oscar, unitoe ukitaka. Mada yangu ni yanayoonekana kutoka jikoni. Kila wiki nitampa simu mwenye jiko, nikae nje."

"Kwa hiyo wewe kazi yako itakuwa nini?"

"Kukaa nje vizuri."

Janeth akatuma vicheko vingi mpaka simu zikapata moto. Emmanuel akasema hata yeye ana mama mkwe, na kwamba picha hiyo imemfanya ampigie. Oscar akamaliza kwanza chai na vitafunio vyake, kisha akaandika, "Haya. Ila jina la aliyepiga liandikwe." Na mlangoni tayari alikuwa amesimama Rosa, mwiko mkononi, ameshaonyeshwa picha na Zuhura juu ya ukuta.

"Shemeji, wiki ijayo iwe zamu yangu. Kutoka jikoni kwangu namwona Baba Yohana anavyolala huku kasema anachimba shimo la taka. Nataka dunia nzima imwone."

Hayo yote yalikuwa matamu, lakini Mikidadi hakuyala kwa raha. Grupu lilimkubali. Rosa alimkubali. Aliyetaka kumsikia yuko mlimani, na kuku hapigi simu.

Jioni, kabla ya magharibi, simu ya Zuhura ikalia. Ilikuwa kitochi cha mama yake, kile kisimu kidogo cha vitufe. Zuhura akaweka sauti ya juu, akaiegemeza kwenye bakuli la unga.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mkwe yuko hapo?"

"Yupo, mama. Amekaa."

Mikidadi akasimama.

"Hapo kwenu pana kuku?"

Zuhura akatazama huku na huku, kana kwamba labda yupo mmoja wamemsahau. "Hapana kuku, mama. Huku mjini."

Kikasikika kishindo cha kuni inayosukumwa motoni, na Kishingo mwenyewe akilalamika kwa mbali.

"Basi," Bi Mwaisha akasema, "simu haina macho. Nitasema bila kuku. Mikidadi."

Tangu aoe, jina lake hajawahi kulisikia kutoka kinywa kile. Lilitoka lina moshi kidogo, kama ndizi zake. Akalishika bakuli la unga kwa mikono yake yenye malengelenge ili lisianguke, au ili yeye asianguke.

"Naam, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kile kisimu chako kirudishe Jumamosi, tena kije kimeshiba. Sijamaliza kukutazama."

Zuhura alimtafutia viatu siku hiyohiyo, ingawa ilikuwa bado Jumapili.